Juisi ya boksi kuwa divai: kwa nini moja iligoma na nyingine ikapasua chupa

Swali: Habari za kazi, mtaalamu. Nimejaribu mara mbili kutengeneza divai nyumbani kwa juisi za supamaketi. Mara ya kwanza nilichukua lita 4 za juisi ya matunda mchanganyiko, nikatia kilo moja ya sukari na kijiko cha hamira ya mkate. Nilingoja siku sita, halikutokea hata povu. Mara ya pili nikabadilisha juisi tu, nikaweka ya zabibu. Sukari kilo ileile, hamira ya pakiti ileile. Usiku huohuo ilianza kuchemka kama sufuria jikoni. Siku ya tisa niliona imetulia, nikaijaza kwenye chupa, nyingine za kioo na nyingine za plastiki za soda, nikazifunga barabara. Siku ya nne chupa moja ya kioo ikapasuka kabatini, na za plastiki zimevimba makalio hadi hazisimami. Nilionja: bado tamu sana, ina gesi na inachoma koo. Nimekosea wapi? Na zilizobaki naweza kunywa, au ni kweli kwamba divai ya nyumbani inaweza kumpofusha mtu?

Jibu: Njema, ndugu yangu, na pole kwa chupa. Tuanze na kabati, maana mengine yote yanaweza kusubiri. Chupa za kioo zilizobaki ndizo za kuogopwa zaidi. Vaa miwani ya kukinga macho na glavu nene, funika kila chupa kwa taulo zito kabla ya kuigusa, usiitikise wala usiiinamie. Ziweke zote kwenye friji zikae siku nzima. Kwenye baridi gesi nyingi huyeyukia ndani ya kinywaji na shinikizo hupungua. Kisha, juu ya sinki, legeza kifuniko kidogo, kikianza kutoa mlio kifunge, ngoja, legeza tena, hadi pawe kimya. Kinywaji chote kirudishe kwenye mtungi wenye njia ya kutolea hewa. Kitu chochote cha kuliwa au kunywewa kilichokuwa wazi karibu na ile iliyopasuka, kitupe. Chembe za kioo hazionekani kwa macho.

Umemaliza? Sasa tuzungumze.

Umenisaidia sana kwa kutaja kwamba hamira ilitoka kwenye pakiti moja. Ingekuwa imekufa, isingechemsha zabibu. Kwa hiyo aliyegoma mara ya kwanza ni juisi, na nina hakika karibu kamili ukiligeuza lile boksi utakuta kwenye orodha ya viambato neno "potasiamu sobeti" au "sodiamu benzoeti", au namba zake tu: E202 na E211. Hivyo ni vihifadhi. Kazi yake katika juisi ni kuzuia kitu kilekile ulichokuwa unakitafuta, yaani hamira isizaliane humo. Kijiko chako cha hamira kilikuwa na mabilioni ya chembe hai, lakini hata hizo ni chache kwa lita 4. Ili juisi ichachuke lazima kwanza ziongezeke mara nyingi. Sobeti haiziui papo hapo. Inazikatalia kuzaa, zinakaa zinazeeka, mwisho zinazama chini. Kuongeza hamira mara mbili au tatu wakati mwingine hulazimisha mambo, lakini matokeo huwa ya kuburuzwa na yana harufu mbaya. Kuichemsha juisi nako hakusaidii, kwani vihifadhi vinabaki humohumo. Juisi ya namna hiyo inywe kama juisi.

Kuna watu hudhani kila juisi inayokaa rafuni miezi sita lazima imetiwa dawa. Si hivyo. Nyingi zimepashwa moto tu na kufungwa mahali pasipo na vijidudu, basi. Njia hiyo ya kupasha moto ilitokana na kazi ya Louis Pasteur katika miaka ya 1860 huko Ufaransa, na alichokuwa anajaribu kukiokoa kisiharibike kilikuwa divai. Juisi iliyopashwa moto ni nzuri sana kwetu, pengine kuliko iliyokamuliwa nyumbani, kwa sababu haina bakteria wala hamira za porini za kushindana na yako. Iliyotengenezwa kutokana na juisi nzito iliyoongezwa maji pia haina tatizo. Vitamini C (E300) na asidi ya sitriki (E330) visikutishe, havizuii chochote.

Kinachopaswa kukusimamisha ni maneno yaliyoandikwa kwa mbele. Tafuta "juisi asilimia 100". Ukiona "nekta" au "kinywaji chenye juisi", ujue una maji, sukari, harufu na tunda kidogo. Itachachuka kama haina kihifadhi, ila utapata kileo chepesi kisicho na uzito mdomoni. Tena vinywaji vya aina hiyo mara nyingi huwa na vitamu visivyo sukari, kama sukralosi. Hamira haivili, kwa hiyo divai inaisha kuchachuka huku ina utamu wa ajabu unaong'ang'ania ulimini.

Haya, tuje kwenye jaribio la pili, na hapa ndipo uliponishtua: kilo moja ya sukari!

Geuza tena boksi la zabibu, safari hii usome jedwali la lishe kwenye mstari wa sukari. Juisi ya zabibu huwa na gramu 16 hivi kwa kila mililita 100, yaani gramu 160 kwa lita. Kanuni ya kukadiria ni nyepesi: kila gramu 17 za sukari katika lita moja huzaa takriban asilimia 1 ya kileo. Gawanya 160 kwa 17, unapata zaidi kidogo ya 9. Kwa maneno mengine, juisi ile bila hata punje ya sukari ya kuongeza ingekupa divai nyepesi ya asilimia 9.

Sasa tazama ulichofanya. Lita 4 zilikuwa na sukari yake gramu 640. Ukaongeza 1,000. Sukari ikiyeyuka nayo huchukua nafasi, kilo moja huongeza kama lita 0.6, kwa hiyo ulikuwa na gramu 1,640 ndani ya lita 4.6, ambazo ni gramu 356 kwa lita. Gawanya kwa 17: karibu asilimia 21. Hakuna hamira ya mkate inayofika huko. Yenyewe huanza kuelemewa ikivuka asilimia 10 hivi, na hata kabla ya hapo sukari nyingi kiasi hicho huifyonza maji mwilini na kuidumaza. Siku ya tisa hamira yako ilikuwa hoi, lakini hai, na imezungukwa na sukari tele. Wewe ukaona imetulia. Ukaimimina kwenye chupa, na kule kumimina kukaichanganya, kukaipa hewa, kukaiamsha. Kisha ukaifungia.

Laiti ungepima, kwa asilimia 12 ulihitaji kuongeza gramu 200 tu kwa lita zote 4. Hesabu ni hii: unataka gramu 204 kwa lita (12 mara 17), 640 jumlisha 200 ni 840, na ujazo umekuwa kama lita 4.12. Moja ya tano ya ulichoweka.

Kuhusu gesi, nipe dakika moja, maana watu huidharau. Sukari inapochachuka, karibu nusu ya uzito wake inakuwa kileo na nusu inayobaki inakuwa kaboni dayoksaidi. Gramu 100 za sukari hutoa kama lita 25 za gesi. Mtungi wako wa zabibu ulikuwa na kilo moja na nusu na zaidi ya sukari, kwa hiyo piga hesabu mwenyewe. Wanaotengeneza shampeni hutia kwa makusudi takriban gramu 24 za sukari kwa lita kabla ya kufunga chupa, na hizo peke yake huleta shinikizo la angahewa 6 hivi, yaani mara sita ya lile la hewa inayotuzunguka. Ndiyo maana chupa zao ni nzito na nene, na kizibo hufungwa kwa waya. Chupa yako ya kawaida ilikuwa na mabaki ya sukari mara kadhaa ya hayo. Kioo hakikuwa na namna.

Kutulia, basi, si kuisha. Njia ya uhakika ya kujua ni haidromita, kile kipimo cha kioo kinachoelea na kuonyesha uzito wa kimiminika ukilinganishwa na maji. Maji husoma 1.000. Juisi yako ya zabibu yenye ile sukari ya gramu 200 ingeanza karibu na 1.085, na sukari ikiisha ingeshuka hadi 0.995 au chini zaidi, kwa kuwa kileo ni chepesi kuliko maji. Toa namba ya mwisho kwenye ya kwanza, zidisha kwa 131, unapata asilimia ya kileo: 0.090 mara 131 ni 11.8. Namba ikibaki ileile kwa siku kadhaa mfululizo, tena ikiwa chini ya 1.000, ndipo useme imeisha. Ikigoma kwenye 1.030, hiyo imekwama tu, na iliyokwama inaweza kujikwamua ndani ya chupa. Ningekuwa na ruhusa ya kukununulia kifaa kimoja tu, kingekuwa hicho.

Juisi ipi uchague? Zabibu nyekundu, bila kufikiri mara mbili. Ina asidi ya kufaa, ina ukakasi kidogo, na ina chakula cha kutosha kwa hamira. Tufaha ni ya pili. Ina sukari kama gramu 105 kwa lita, kwa hiyo ukiiacha hivyohivyo utapata kinywaji cha asilimia 6, na ukitaka 10 ongeza gramu 290 hivi kwenye lita 4. Ila juisi ya tufaha ni maskini wa naitrojeni, na hamira yenye njaa hutoa harufu ya yai bovu. Pakiti ndogo ya virutubisho vya hamira huimaliza shida hiyo. Nanasi nalo hutoka vizuri kuliko watu wanavyotarajia.

Machungwa usianze nayo. Mimi ndiyo niliyoanzia, lita 5, nikiwa na imani kubwa. Kumbuka kwamba hamira inakula sukari na kuiacha asidi ilipo. Utamu ukishaondoka kwenye juisi ya chungwa, kinachobaki ni ukali na uchungu usio na kitu cha kuuficha. Nilijilazimisha kunywa glasi mbili, nyingine niliitumia kulainisha nyama.

Utaratibu wenyewe hauna mengi. Usafi kwanza: kila kitakachogusa juisi kioshwe kwa sabuni, kisuuzwe, kisha kitiwe dawa ya kuulia vijidudu inayokubalika kwa vyombo vya chakula. Ukitumia dawa ya klorini, suuza mara nyingi na usiichanganye kamwe na asidi wala dawa nyingine, hutoa hewa ya sumu. Chombo kiwe cha kioo au plastiki ya chakula, na usikijaze hadi juu. Acha kama robo kwa ajili ya povu la siku za mwanzo. Yeyusha sukari kwenye juisi kidogo iliyopashwa moto, iache ipoe, changanya na iliyobaki, kisha tikisa kwa nguvu. Huo ndio wakati pekee ambao hewa ni rafiki yako, maana hamira huitumia kuzaliana.

Hamira ya mkate inafanya kazi, sitakudanganya. Lakini hamira ya divai huvumilia kileo zaidi, hutulia chini ikashikamana kama tope gumu, na haiachi ladha ya unga. Ile inayoitwa EC-1118, kwa mfano, hufika hadi asilimia 18. Pakiti ya gramu 5 inatosha na kubaki kwa lita 4. Iamshe kwenye maji ya vuguvugu, nyuzi 35 hadi 40 za Selsiasi, kwa dakika 15, ndipo uimimine.

Mdomo wa mtungi ufungwe kwa kizibo chenye kile kimrija kilichopinda chenye maji: gesi inatoka kwa viputo, hewa haiingii. Ukikikosa, puto safi lililotobolewa kwa sindano na kufungwa kwenye mdomo linatosha kwa kazi ya kwanza. Hewa ikiingia ovyo baada ya kuchachuka kupoa, bakteria wa siki hugeuza kileo chako kuwa siki, na hakuna dawa ya kuirudisha. Weka mtungi mahali pasipo na jua, kati ya nyuzi 18 na 24. Joto likizidi sana hamira hukimbia na kuacha ladha kali inayochoma koo, na sehemu ya ule mchomo ulioonja ilitoka huko.

Baada ya wiki mbili hivi, hamisha divai kwa mpira mwembamba kwenda chombo kingine safi, ukiyaacha mashapo chini. Kijaze chombo cha pili hadi karibu na mdomo, sasa hewa si rafiki tena. Ngoja mwezi mmoja au miwili ijichuje yenyewe, hamisha tena kama kuna mashapo mapya, halafu ndipo chupa. Divai ikibaki haijawa angavu kabisa, mara nyingi ni pektini ya tunda, kile kinachogandisha jamu, haina madhara. Ladha ya wiki ya tatu usiihukumu. Onja mwezi wa tatu, utakuta kinywaji kingine.

Nadhani kilo ile uliiweka kwa sababu unapenda divai tamu. Wengi hufikiri hivyo: sukari nyingi mwanzoni, utamu mwishoni. Kwa kweli sukari ya mwanzoni ni ya kileo. Utamu huongezwa baada ya uchachukaji kuisha na divai kuwa angavu, na hapo lazima uhakikishe hamira iliyobaki haitaamka. Kinachofanya kazi hiyo, utacheka, ni ileile potasiamu sobeti iliyokugomea mara ya kwanza. Unaiweka pamoja na metabisalfiti (kihifadhi cha jamii ya salfiti kinachozuia bakteria), kwa kipimo cha kwenye pakiti, unangoja siku mbili, ndipo unatia sukari kwa ladha yako. Usiitumie sobeti peke yake, kwa maana bakteria wa asidi ya maziwa (laktiki) wakiishika huacha harufu ya majani ya jerani yaliyopondwa. Wala usitegemee kwamba itasimamisha divai ambayo bado inachachuka, haiwezi. Mwenye pumu awe mwangalifu na salfiti. Asiyetaka kemikali aiache divai kavu, yaani isiyo na utamu, kisha kila mtu atie sukari kwenye glasi yake mwenyewe.

Upofu sasa. Hofu hiyo inatokana na methanoli, aina ya alkoholi yenye sumu, na methanoli haitoki kwenye sukari. Inatoka kwenye pektini ya tunda inapovunjwa, kiasi kidogo sana, na chembe zake zimo hata kwenye juisi ya kawaida. Juisi safi iliyochachushwa kwa hamira haina ya kumpofusha mtu. Maafa unayoyasikia hutokana na pombe kali iliyokenekwa kienyeji au iliyochanganywa na spiriti za viwandani. Kwa hiyo divai yako usijaribu kuichemsha ukakusanya mvuke wake. Kuna hatari ya moto na ya sumu, na nchi nyingi hukataza jambo hilo bila leseni hata pale zinaporuhusu divai ya matumizi ya nyumbani. Angalia sheria ya unakoishi.

Uliyonayo unaweza kuinywa kama haina ukungu juu wala harufu ya siki au uozo, ila kwa kipimo. Ina hamira hai nyingi na tumbo litakusemesha. Mimi nisingeinywa, ningeiokoa. Nunua juisi ya tufaha asilimia 100 isiyo na kihifadhi, ujazo ulio sawa na divai uliyobaki nayo. Usitie sukari hata kidogo. Tia hamira ya divai na virutubisho kwenye hiyo juisi mpya kwanza, ngoja ichachuke vizuri siku moja, kisha mimina ile ya zamani humo kidogo kidogo kwa siku mbili, ili hamira isipigwe na kileo ghafla. Ukijumlisha sukari yote tangu mwanzo itakuwa imeshuka hadi gramu 230 hivi kwa lita, yaani asilimia 13 na kitu, na hamira ya divai itaimaliza. Utahitaji mitungi miwili. Andika tarehe na namba ya haidromita kwenye kila mmoja, na chupa zako za kioo zirudishe kabatini zikiwa tupu hadi divai iwe tayari kwa chupa.